Kujitathmini Si Kujipa Maksi

Katika shule nyingi siku hizi, kipindi cha lugha hakiishi bila karatasi moja ndogo kuzungushwa darasani. Mwanafunzi wa miaka 11, 12 au 13 anakuta juu yake sentensi kama "Ninaweza kusoma habari na kuielewa" au "Ninaweza kuandika insha yenye mtiririko mzuri", na mbele ya kila sentensi pana visanduku vinne: vizuri sana, vizuri, kiasi, bado. Anaweka tiki, anarudisha karatasi, kengele inalia. Zoezi hili ndilo linaloitwa kujitathmini, na limewagawa watu. Wapo wanaolipokea kwa furaha, wakisema hatimaye mtoto amepewa nafasi ya kusema neno kuhusu masomo yake. Wapo wanaolipuuza, wakiuliza ni lini mtahiniwa aliwahi kusahihisha mtihani wake mwenyewe, na kukumbusha kwamba nyani haoni kundule. Naona makundi yote mawili yanabishania kitu kingine kabisa. Wote wamekubaliana, bila kutamkiana, kwamba kujitathmini ni kujipa maksi. Wanachotofautiana ni kama maksi hizo zinaaminika.

Ninachokitetea hapa ni hiki: kujitathmini katika kusoma na kuandika huanzia kwenye jicho, na hukumu hufuata baadaye sana. Ni kuweza kuona, ndani ya maandishi yenyewe, mahali ulipopotea ukiwa msomaji na mahali ulipompoteza msomaji wako ukiwa mwandishi. Uwezo huo haumo ndani ya mtoto ukisubiri fomu ya kuutoa. Unafundishwa, kwa mifano na kwa muda, kama tunavyofundisha aya na nukta. Shule inayogawa fomu bila kufundisha jicho imeruka kazi yote na kubaki na karatasi.

Wazo lenyewe lilianza vizuri kuliko lilivyoishia. Mwaka 1989 mtaalamu wa tathmini kutoka Australia, Royce Sadler, alieleza mambo matatu ambayo mwanafunzi anahitaji ili maoni ya mwalimu yamsaidie: aijue sura ya kazi nzuri anayoilenga, aweze kulinganisha kazi yake na sura hiyo, kisha awe na njia ya kupunguza pengo analoliona. Tazama kwamba hakuna maksi popote hapo. Mwaka 1998 Paul Black na Dylan Wiliam wa London walipitia machapisho yapatayo 250 kuhusu tathmini ya darasani, na kuhusu kujitathmini walisema jambo ambalo wakosoaji wa leo wangepaswa kulisikia: shida kubwa haiko kwenye uaminifu wa wanafunzi. Kwa kawaida watoto husema kweli kuhusu kazi zao, hata kujihukumu kwa ukali kupita kiasi. Kinachowakwamisha ni kwamba hawana picha ya wazi ya kile wanachotakiwa kukifikia. Baina ya wazo hilo na karatasi ya visanduku vinne kuna safari ndefu, na njiani kitu cha maana kilidondoka. Mitaala ilitaka ushahidi kwamba kujitathmini kunafanyika, na ushahidi mwepesi kuliko wote ni karatasi iliyojazwa. Basi karatasi zikajazwa, funika kombe mwanaharamu apite.

Kuna takwimu moja iliyochangia sana kupotosha. Mwaka 2009 mtafiti wa elimu John Hattie alichapisha orodha ya mambo 138 yanayohusiana na mafanikio ya wanafunzi, na juu kabisa, kwa kipimo cha ukubwa wa athari cha 1.44, palikuwa na makadirio ya wanafunzi kuhusu maksi zao wenyewe. Wengi waliisoma orodha hiyo kana kwamba ni orodha ya dawa: ukimpa mtoto zoezi la kukadiria maksi zake, atapanda kuliko kwa jambo lingine lolote. Lakini tafiti zilizokusanywa chini ya kichwa hicho zilipima zaidi ulinganifu, yaani kama alichokisema mwanafunzi kuhusu maksi zake kinakaribiana na maksi alizonazo kweli. Hiyo ni habari ya kukisia. Mtoto anayeweza kukisia vizuri kwamba atapata 40 hajapata lolote la kumfikisha 60. Nimeona takwimu hii ikitajwa kwenye semina za walimu mara nyingi, kila mara kwa nia njema, na kila mara ikitumika kuhalalisha fomu ileile.

Sasa tuwasikilize wenye shaka, kwa sababu hoja yao bora ni nzito. Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapima wanafunzi wa chuo katika mambo kadhaa, sarufi ya Kiingereza ikiwemo, kisha wakawauliza wanajionaje ukiwalinganisha na wenzao. Robo ya chini kabisa, ambao kwa wastani walikuwa wamewazidi wenzao 12 tu katika kila 100, walidhani wamewazidi 62. Ikiwa watu wazima wa chuo wanajikadiria hivyo, mtoto wa darasa la saba atawezaje? Hesabu za utafiti huo zimebishaniwa sana tangu hapo, na sehemu ya tofauti hiyo kati ya makadirio na uhalisia inatokana na namna hesabu zenyewe zinavyokwenda. Hata hivyo sitaki kujificha nyuma ya ubishi huo, maana mwalimu yeyote anawajua wanafunzi wa aina hiyo kwa majina. Nataka kusisitiza sehemu ya mwisho ya utafiti, ambayo wanaounukuu huiacha: walipofundishwa kwa muda mfupi namna ya kutatua maswali ya mantiki, wale wa chini walianza kuona ni majibu yao yapi yalikuwa mabaya. Kujua kazi na kuijua hali yako katika kazi hiyo vilikwenda pamoja. Huwezi kufundisha la pili peke yake.

Upande wa kusoma una ushahidi wa karibu zaidi na rika tunalolizungumzia. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Ellen Markman aliwasomea watoto wa darasa la tatu hadi la sita habari fupi zilizojipinga zenyewe. Moja ilihusu samaki wanaoishi kwenye vilindi vya bahari. Ilisema kwamba chini kabisa ya bahari hakuna mwanga wowote, kisha baada ya hapo ikasema samaki wa huko hukitambua chakula chao kwa rangi. Watoto wengi walisikiliza, wakaridhika, na walipohojiwa kama kuna kitu hakieleweki hawakuona tatizo. Ukimwuliza mtoto huyohuyo kando kama mtu anaweza kuona rangi gizani, atakwambia haiwezekani. Ujuzi anao. Kilichokosekana ni kuziweka sentensi mbili mezani pamoja na kuziangalia zinavyogombana. Na walipodokezwa mapema kwamba kuna tatizo mahali fulani, wale wa darasa la sita waliligundua zaidi. Kwangu mimi huo ndio ufunguo wa mjadala mzima. Macho yaleyale na habari ileile, ila kwa swali tofauti mtoto anaona. Kumwuliza "Umeelewa?" kunamruhusu ajibu kutokana na hali ya moyo wake, kila neno alilijua, sauti haikukwama, basi ameelewa. Kumwambia "Humu ndani kuna mahali hapakai sawa, patafute" kunamrudisha kwenye maandishi.

Niliwahi kufundisha kijana wa miaka 12 aliyesoma kwa sauti nzuri kuliko wote darasani. Kwenye fomu aliweka tiki ya "vizuri sana" kila wiki, na kila wiki majibu yake ya ufahamu yalikuwa hayana kichwa wala miguu. Siku moja nikaacha fomu, nikamwambia aweke kidole kwenye sentensi inayoeleza kwa nini mhusika aliondoka nyumbani. Kidole kilishuka ukurasa mzima, kikapanda, kikasimama kwenye sentensi isiyohusika, kikaondoka tena. Sikusema kitu. Baada ya kitambo alichukua kifutio, akafuta tiki yake ya asubuhi, akaanza kusoma upya kutoka aya ya pili, polepole, midomo ikitikisika. Hapo ndipo nilipoona kujitathmini kwa mara ya kwanza katika miezi minne ya kukusanya zile karatasi.

Kilichofanya kazi siku ile hakikuwa uvumbuzi wangu. Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown walieleza kazi waliyoifanya na wanafunzi wa darasa la saba ambao walisoma maneno bila shida lakini hawakuielewa habari. Waliwafundisha mambo manne ya kufanya kwa zamu, mwalimu akianza na mwanafunzi akipokea kiti cha ualimu: kuuliza swali kuhusu kipande kilichosomwa, kukifupisha, kufafanua palipo na ukungu, na kutabiri kinachofuata. Uelewa wao ulipanda sana. Mara nyingi njia hii husifiwa kama njia ya kufundisha ufahamu, na kwa hakika ndivyo ilivyo, lakini uzuri wake mwingine ni kwamba kila moja ya kazi hizo nne ni mizani anayoishika mwanafunzi mwenyewe. Ukijaribu kufupisha aya ukajikuta unarudia sentensi yake ya kwanza, umeshajua kwamba aya hukuimeza. Ukitabiri na aya inayofuata ikaenda kwingine, unarudi kuangalia ulichokiruka. Mtoto hajaulizwa anajionaje. Amepewa kazi ambayo ikimshinda inamwonyesha yenyewe ilipomshindia.

Kuandika ni kugumu zaidi, na sababu inafaa kuelezwa kwa utulivu. Anayesoma maandishi ya mwingine akikwama, amekwama kweli. Anayesoma maandishi yake mwenyewe hakwami popote, kwa sababu mambo yote yamo kichwani mwake na anayasoma kutoka huko. Ndiyo maana mwanafunzi ukimwambia airudie rasimu yake hubadilisha neno moja moja, hurekebisha herufi kubwa, huandika upya kwa mwandiko safi, na insha inabaki vilevile. Nancy Sommers aliliandika hili mwaka 1980 kuhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo: kwao kusahihisha kulikuwa kubadilisha maneno, ilhali waandishi wazoefu walitafuta umbo la hoja. Kama wa chuo wako hapo, tusishangae kumkuta wa darasa la sita.

Chukua aya ya aina tunayoisoma kila siku: "Siku ya sherehe ilikuwa nzuri sana. Watu wote walifurahi. Nilifurahi sana siku hiyo. Tulirudi nyumbani tukiwa na furaha." Mpe mwandishi wake fomu, atajiwekea "vizuri", na hajadanganya, kwani yeye anaposoma "walifurahi" anaiona sherehe yote. Sasa mpe kigezo kimoja tu, kilichoandikwa kwa maneno anayoyaelewa: msomaji anaona au anasikia kitu kinachomfanya aijue furaha bila kuambiwa. Mpe kalamu ya buluu. Apige mstari chini ya kigezo hicho kwa buluu, kisha apige mstari wa buluu chini ya kila mahali katika aya yake panapokitimiza. Anatafuta. Hapana pa kupiga mstari. Ile kalamu iliyobaki hewani inamwambia zaidi ya neno "fafanua" lililoandikwa pembeni kwa wino mwekundu, kwa kuwa safari hii pengo ameliona mwenyewe, na mara nyingi anaanza kulijaza kabla hujamwambia: bibi aliyevua viatu ili acheze, mdogo wake aliyelala mezani na kofia ya karatasi kichwani.

Utaratibu huu wa kalamu za rangi umeelezwa na Heidi Andrade, mmoja wa watafiti waliofuatilia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 2010 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu wanafunzi wa rika hili hasa. Makundi yote mawili yaliorodhesha sifa za insha nzuri na kuzirudia rasimu zao, ila kundi moja lilianza kwa kusoma insha ya mfano, likapewa jedwali la vigezo, na likalitumia kupima rasimu. Insha za kundi hilo zilikuwa bora zaidi. Mtu makini atauliza kama ni ile insha ya mfano au ni jedwali lililosaidia, na ni swali la haki, kwani viliwekwa pamoja. Jibu langu ni kwamba darasani pia havipaswi kutengana. Kigezo bila mfano ni maneno matupu kwa mtoto ambaye hajawahi kuona "mtiririko mzuri" ukionyeshwa kwa kidole.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ambayo sasa inasikika kila mahali, ni ile ya programu za akili unde. Tangu zilipoenea mwishoni mwa 2022, nimesikia watu wenye busara wakisema suala hili limepitwa na wakati: mtoto anabandika insha, programu inamtajia makosa kwa sekunde chache, inampa hata sentensi mbadala. Kuna haja gani ya kumhangaisha ajione mwenyewe? Hoja hii inachukulia kwamba tunachokitaka ni insha safi. Shule haina matumizi na insha za watoto. Inazisoma na kuzirudisha. Tunachokitaka ni mtu anayeweza kuandika, na mtu huyo haundwi kwa kupokea sentensi zilizokwisha kunyooshwa. Zaidi ya hapo, programu haijui mtoto alitaka kusema nini. Inaweza kumbadilishia sentensi iliyopinda lakini yenye wazo lake halisi ikampa iliyonyooka yenye wazo la kila mtu, na asiye na jicho ataipokea kwa shukrani. Atakayejua kuikataa ni yule aliyefundishwa kuyahoji maandishi. Kwa hiyo kadiri wasaidizi hawa wanavyoongezeka, ndivyo mwanafunzi anavyohitaji zaidi uwezo wa kupima, kwa vile sasa ana maandishi mawili ya kupima: yake, na yale aliyoletewa. Sina ugomvi na programu ikija mwisho, baada ya mtoto kuandika pembeni mwa rasimu kile anachodhani ni udhaifu wake. Hapo ulinganisho una maana. Ikija mwanzo, imemlia uhondo na kumwachia mifupa.

Hoja ya muda ni nzito zaidi na sitaidharau. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na silabasi ndefu hawezi kukaa na kila kidole kinapotangatanga ukurasani. Njia ya kalamu moja kwa kigezo kimoja kwa aya moja inapunguza mzigo, wanafunzi wawili wawili wakionyeshana inapunguza tena, lakini tusidanganyane kwamba hakuna gharama. Kitu lazima kipunguzwe. Mimi ningepunguza idadi ya insha. Insha nne kwa muhula zilizorudiwa kwa jicho zina faida kuliko kumi zilizosahihishwa kwa wino mwekundu na kutupwa kwenye begi. Najua wapo wakaguzi wanaohesabu madaftari, na hapo ndipo mabadiliko yanapotakiwa kuanzia, juu ya mwalimu, kabla ya kumshukia yeye.

Kuna pia jambo la maksi, na hapa sina nafasi ya maridhiano. Pale tiki ya mwanafunzi inapoingia kwenye ripoti au kuhesabiwa popote, uaminifu ule waliouona Black na Wiliam unakwisha, na kwa haki. Mtoto akijua kwamba kukiri kosa kunampunguzia, atalificha kama ambavyo mtu mzima yeyote angelificha. Hata maksi za mwalimu zinaweza kuliziba jicho. Mwaka 1988 Ruth Butler aliwalinganisha wanafunzi wa darasa la tano na la sita nchini Israeli: waliopewa maoni peke yake waliendelea vizuri, ila waliopewa maoni pamoja na maksi walifanana na waliopewa maksi tupu. Namba ikikaa juu ya ukurasa, maneno yaliyo chini yake hayasomwi. Rasimu inayopimwa na mwenyewe basi isibebe namba yoyote, ya mwalimu wala ya mwanafunzi, hadi itakaporudiwa.

Na kuna watoto ambao fomu huwaumiza kimyakimya. Yule mwerevu mwenye haya hujiwekea "kiasi" miaka yote, na hakuna anayemwambia kwamba aya yake ya tatu ni nzuri kuliko ya mfano. Yule anayesoma kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao huweka "bado" kwa sababu sentensi zinamtoka kwa shida, hata kama habari ameielewa na angeisimulia barabara kwa lugha yake. Wa kwanza anahitaji kuonyeshwa sentensi yake yenye nguvu na kuambiwa ataje kinachoipa nguvu. Wa pili anahitaji kuruhusiwa aonyeshe uelewa wake kwa lugha yoyote inayomtoka, ili yeye na mwalimu wajue kama kazi iliyo mbele ni ya kuelewa au ni ya msamiati, maana kazi hizo mbili hazifundishwi kwa namna moja. Visanduku vinne haviwezi kuwatenganisha watoto hawa na wale ambao kweli wamekwama.

Kama wizara au shule inalazimika kuwa na karatasi, basi karatasi ibadilike. Kwa kusoma, iwe na nafasi mbili: nakili sentensi moja iliyokusimamisha, kisha andika ulifanya nini ulipofika hapo. Kwa kuandika, iwe na nafasi mbili pia: nakili kutoka kwenye rasimu yako mahali ambapo msomaji anaweza kupotea, kisha paandike upya. Mwanafunzi asiyepata cha kunakili ndiye wa kuketi naye kwanza kesho yake. Karatasi hizo zitunzwe pamoja na rasimu, zisipelekwe ofisini. Muhula ukiisha, mwalimu amrudishie kila mmoja rasimu yake ya mwanzo kabisa na penseli, bila maelekezo mengi, amwache aisome. Yule kijana wangu wa miaka 12 alipofanyiwa hivyo alisoma mistari sita, akachora duara kuzunguka aya nzima, na pembeni akaandika: "Hapa nilidhani mnajua."